Mzee Tajudini Anatoka Katikati

Tarehe 31 Machi 2004, king'ora cha kufunga kazi kikilia, Mzee Tajudini, kapita anayesimamia ekipe ya tatu, kikosi cha wapakizi, atatundika koti lake la buluu kwenye msumari ulio nyuma ya mlango wa ghala letu, hanga la pili, na safari hii hatakuja kulichukua kesho yake. Atakuwa ameitumikia bandari ya Bujumbura miaka thelathini na miwili na ushee, tangu Septemba 1971. Madirekta wamekuja na madirekta wameondoka. Msumari ni ule ule.

Mimi Spéciose wa ofisi ya mizigo ndiye niliyepewa kazi ya kumwandikia karatasi ya kumuaga. Direkta alisema ukurasa mmoja unatosha. Inaonekana Direkta hajawahi kula chakula cha mchana na Mzee Taju.

Kwa wageni wetu wa leo: Mzee Taju ni mtoto wa Buyenzi, kwenye zile barabara zenye namba badala ya majina. Baba yake alikuwa fundi cherehani na mama yake alipika maandazi ambayo watu wazima wa mtaa ule bado wanayataja kwa masikitiko. Anasema Kiswahili cha nyumbani, Kirundi cha sokoni, Kifaransa cha kupokea amri na Kiingereza cha melini, na katika lugha zote hizo ana sauti moja tu, ya mtu anayemwita dereva wa kreni. Chai yake ni sukari iliyonyunyiziwa maji ya moto. Tumesema naye juu ya jambo hilo, tumechoka.

Lakini ukimtaja Mzee Taju pale bandarini, neno linalofuata si chai. Ni danaji. Nami siwezi kusimulia maisha yake bila kusimulia maisha ya neno hilo, kwa sababu wawili hao wamezeeka pamoja.

Walikutana juma lake la kwanza kazini. Meli ilikuwa inapakia kahawa ya kwenda Kigoma, na kijana Tajudini, akiwa na nguvu nyingi kuliko maarifa, alikuwa anaibwaga gunia kwa gunia juu ya chuma kitupu. Msaidizi wa nahodha alikuwa Mzambia mmoja mwenye kifua kipana. Alipoona hivyo akasimama juu ya ngazi na kumpigia kelele neno moja, tena na tena: danaji, danaji. Tajudini hakujua Kiingereza, ila aliijua sauti ya matusi, na akaamini kwa moyo wote kwamba mama yake ametukanwa. Akatua gunia, akavua kofia, akamwomba bwana yule kwa heshima ashuke nchi kavu alirudie neno lake. Mpishi wa meli ndiye aliyewaamua. Akamshika kijana mkono, akampeleka kwenye rundo la mbao na mikeka mikuukuu, akamwonyesha kwa kidole.

Hapo akaelewa. Danaji ni zile mbao, mikeka na magunia matupu yanayotandikwa chini ya mzigo na kuchomekwa kati ya mzigo na mzigo. Chuma cha meli hutoa jasho ziwa likipoa, na gunia lililolala juu yake hufika limeoza. Na mizigo miwili ikigusana njia nzima husagana mpaka yote miwili ikaharibika. Waingereza huliandika dunnage. Mabwana wetu waliosema Kifaransa walikuwa na neno lao, fardage, wakaliandika kwenye karatasi zao miaka yote, na hakuna mpakizi hata mmoja aliyewahi kulitamka. Neno la Mzambia lilikuwa tamu zaidi mdomoni.

Kwa bahati mbaya, kabla hajaelezwa vizuri, Tajudini alikuwa ameshalipeleka nyumbani kama tusi jipya na kumtupia shemeji yake, Shakuru, kwa sababu ya kuku. Shakuru yuko hapa leo. Anasema bado anasubiri kuombwa radhi.

Mambo ya kazi yake yanaelezeka kwa maneno machache. Alikuwa kapita kabla hajafika miaka thelathini. Aliweka desturi kwamba mbao za danaji zilizochoka zisitupwe wala zisinyang'anywe. Kapita huzigawa kwa zamu, na anayeoa au anayepata mtoto hurukia mbele ya zamu. Kwa desturi hiyo nusu ya vitanda vya Buyenzi vimewahi kufika Mpulungu, kule Zambia, na kurudi. Mke wake, Mama Zubeda, husema hakuolewa kwenye nyumba, aliolewa ndani ya meli.

Mabaharia wa Mpulungu walikuwa na matumizi ya pili ya neno hilo. Kwao danaji ilikuwa pia virago vya baharia: blanketi, sabuni, nguo ya kubadili. Mzee Taju hueleza kwamba ni kwa sababu baharia hana chumba, hujichomeka na vitu vyake palipobaki nafasi. Hayo ni maelezo yake na hakuna aliyemwomba ushahidi. Kwa miaka mingi matumizi hayo yalibaki ya mabaharia tu, sisi hatukuyahitaji. Tuliyahitaji baadaye.

Vita vilipoanza mwaka 1993, mji wetu ulipasuka mtaa kwa mtaa. Watu waliacha kuulizana habari za nyumbani wakaanza kuulizana unakaa wapi, na jibu liliweza kukuua. Asubuhi ulitoka kwako bila kujua kama njia ya kurudi itakuwepo jioni. Tukaanza kuja kazini na kifurushi: kitenge, mswaki, sahani, picha za watoto. Mzee Taju akakipa jina. Kila asubuhi, akisimama langoni, aliuliza kila mtu, "Umekuja na danaji?" Ukisema ndiyo, alijua utaweza kulala hangani mambo yakiharibika. Neno hilo lilituepusha kusema maneno mengine, na ninalishukuru hadi leo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wote mnajua nitalifikia, na wahusika wawili wamenipa ruhusa.

Katika ekipe ya tatu walikuwepo Télesphore wa Kamenge na Sylvère wa Ngagara. Mitaa yao inatazamana, na vita viliiweka pande mbili. Mzigo ambao hauwezi kubebwa na mtu mmoja, hao wawili ndio waliobeba, mmoja mbele na mwingine nyuma, na walikuwa wamezoeana hata hawakuhitaji kuhesabu moja mbili ndipo wainue. Télesphore ndiye baba wa ubatizo wa Dative, binti wa kwanza wa Sylvère. Mwaka 1995 nyumba ya Télesphore ilichomwa moto, akakimbilia kwa shemeji yake na watoto wote. Mwaka huo huo mdogo wake Sylvère aliuawa karibu na nyumbani kwao. Hakuna kati yao aliyemkosea mwenzake. Lakini kila mmoja akimtazama mwenzake alikuwa anaona mtaa. Wakaacha kubeba pamoja, kisha wakaacha kusalimiana.

Ekipe ya tatu ilikuwa inakula kwenye sinia moja, wote wameizunguka. Mimi nilikuwa nakula nao tangu kantini ya ofisi ifungwe, kwa hiyo niliona kwa macho yangu duara likivunjika. Kwanza waliacha nafasi, kisha zikawa sinia mbili, kisha watu wakawa wanachagua sinia kulingana na mahali wanapolala. Direkta wa wakati ule aliona hayo, akatoa uamuzi: ekipe itakatwa vipande viwili, wa mitaa ile waende hanga la sukari, wa mitaa hii wabaki kwenye saruji, wasikutane. Alikuwa na nia njema, na hilo ndilo lililonitisha. Ekipe ya tatu ilikuwa mahali pa mwisho nilipopajua ambapo watu wa mji wangu walikuwa bado wanashika kamba moja.

Mzee Taju alivua kofia, akaingia ofisini, na kwa kuwa meza yangu iko karibu na mlango nilisikia. "Direkta, we leo unakata ekipe. Kesho utakata mulango, bamoja bapite huku, bengine kule. Nipe mwezi moja tu. Ikishindikana, mi mwenyewe nitashika msumeno." Direkta akampa mwezi mmoja.

Haukuwa mwezi wa kawaida. Ilikuwa Ramadhani, iliyoanza mwishoni mwa Januari 1996.

Siku iliyofuata aliamuru sinia irudi kuwa moja. Akamkalisha Télesphore upande wa kulia na Sylvère upande wa kushoto, naye akaketi katikati yao. Kumbuka alikuwa amefunga. Basi hapo alikaa mwanamume mzima, tangu alfajiri hajameza hata maji, pua yake juu ya ugali wa moto tunaouita bugari, na ndagala wa kukaanga, mabega yake yakiwatenganisha watu wawili ili wapate kula. Chumvi ilipita mkononi mwake. Sylvère hakumpa Télesphore chumvi, alimpa Mzee, naye Mzee akampa Télesphore, na ilirudi kwa njia hiyo hiyo. Akimaliza, alinawa mikono ambayo haikuwa imekula kitu.

Tulimhurumia. Bahizire, dereva wetu wa kreni, alimwomba aende akapumzike kivulini, wao watakaa wenyewe. Mzee alimjibu, "Mbao ya danaji inakula nini? Apana kitu. Inakala tu." Bahizire akacheka, akasema basi kuanzia leo danaji yetu iko na kofia. Hapo ndipo neno lilipopata maisha yake ya tatu. Mbao ilikuwa imekuwa kifurushi, na kifurushi sasa kimekuwa mtu.

Ningependa kuandika kwamba ilisaidia mara moja. Haikusaidia. Juma likapita na jingine likafuata. Wale wawili walikula wakiangalia sinia na kuondoka kila mmoja kivyake. Direkta alikuwa akinyanyua nyusi kila alipompita Mzee langoni. Mzee alikonda, na sisi wengine tukaanza kunong'ona kuhusu nani atakwenda hanga lipi. Mimi nilikuwa nimeshakata tamaa, nasema kweli.

Ramadhani ikiwa inaelekea ukingoni, malaria ikampiga. Asubuhi moja langoni hapakuwa na mtu wa kutuuliza habari za danaji.

Mchana tukakaa kuizunguka sinia. Nafasi ya Mzee ilibaki wazi, na hakuna aliyethubutu kuijaza. Télesphore upande wake, Sylvère upande wake, na katikati sakafu tupu. Chumvi ilikuwa kwa Sylvère. Télesphore alimega bugari, akalishika mkononi, akangoja. Sote tukajifanya tunatafuna. Sylvère alitazama ile nafasi, akaweka kopo la chumvi pale pale chini, mahali ambapo goti la Mzee hukaa. Télesphore akalichukua hapo, akatia, akalirudisha hapo hapo.

Sylvère akasema, huku anaangalia sinia, "Leo danaji yetu iko mugonjwa."

"Iko na malaria," Télesphore akajibu. Halafu, baada ya kumeza, "Tutakala namna hii mpaka ipone?"

Sylvère akasogea. Ndivyo ilivyokuwa, wala hapakuwa na hotuba. Alisogea mpaka bega lake likamgusa mwenzake, na wakaendelea kula. Bahizire alijifanya pilipili imemwingia machoni, na siku hiyo hatukuwa na pilipili.

Kazi ilipokwisha, wale wawili walikwenda ufukweni kwa wavuvi waliokuwa wameingia kutoka Kajaga, wakamchagua sangala mkubwa, wakampitisha ufito kwenye matamvua na kumweka mabegani, mmoja mbele na mwingine nyuma. Wakavuka mji hivyo hivyo mpaka Buyenzi, kwa miguu, mchana kweupe, katika mwaka ambao watu wa mitaa yao hawakuonekana njia moja. Mama Zubeda anasema alifungua mlango akamwona samaki kwanza, kisha Télesphore, kisha mkia, kisha Sylvère. Wakamwambia wamemletea Mzee futari. Akawajibu kwamba mgonjwa haruhusiwi kufunga, ila samaki apite.

Mzee alikuwa amejifunika blanketi hadi kidevuni. Hakuwasalimu. Aliuliza, "Leo nani alikala katikati?"

"Apana mutu, muzee," Télesphore akamjibu. "Tulikala sisi wawili tu."

Mzee aligeukia ukutani, na Mama Zubeda anasema mabega yake yalitikisika kwa muda. Alipogeuka tena alisema, "Sasa naweza kupona." Akaomba chai.

Jua lilikuwa limeshashuka na njia za kurudi hazikuwa salama, kwa hiyo walilala pale. Kila mmoja alikuwa na danaji yake kwenye mfuko. Mama Zubeda aliwatandikia mkeka mmoja, maana mingine ilikuwa kwa majirani walioikimbia mitaa yao, na analalamika mpaka leo juu ya kukoroma kwa Sylvère. Siku Mzee aliporudi kazini, Direkta alikuwa amesimama langoni akiwaona wote watatu wanakuja pamoja. Mwezi ulikuwa haujaisha. Suala la kukata ekipe halikutajwa tena, na hangani hakuna aliyeuliza kwa nini.

Yaliyofuata mnayajua. Vikwazo vya nchi jirani vilipofunga njia zetu, meli zikapungua na kuni zikawa ghali, na wengi walilitolea macho lile rundo la mbao. Mzee Taju aliwapa zilizochoka na kuzilinda zilizo nzima, akatufanya tuzipige randa na kuzikausha hali hakuna mzigo wa kuzitandikia. Tulimwona kichaa. Mwaka 1999 meli ziliporudi, hakuna gunia letu hata moja lililolowa.

Na neno nalo likatembea. Mafundi wa gereji za Buyenzi sasa huita danaji kile kipande cha katoni wanachokata kuziba mafuta yasivuje. Mshenga anayekaa kati ya pande mbili zinazobishana mahari ni danaji. Mtoto anayelala katikati ya baba na mama naye ni danaji, na akina baba wameleta malalamiko. Hata ofisini kwetu, ile karatasi ya ziada ninayoiweka nyuma ya karatasi nzuri ili mashine isiitoboe, naiita hivyo. Direkta mmoja aliwahi kuliandika neno hilo kwenye ripoti ya Kifaransa bila kujijua, na ripoti ikarudi na alama ya kuuliza.

Mwaka jana Dative, yule binti wa ubatizo, ambaye sasa anasoma Kiingereza chuo kikuu, aliamua kumfanyia Mzee zawadi ya kumtafutia neno lake lilikozaliwa. Akalisaka kwenye kamusi kubwa ya maktaba. Alikuta kwamba Waingereza wanalo tangu karne nyingi zilizopita, kwanza kwa matawi na mikeka ya chini ya shehena, baadaye kwa virago vya baharia, kama mabaharia wa Mpulungu walivyosema. Alikuta wengine wakidhani limetoka kwa Waholanzi, kwenye neno la vijiti vyembamba. Lakini mwisho wa yote kamusi ilikiri kwamba asili yake haijulikani. Dative aliona aibu kumpelekea mzee jibu kama hilo.

Mzee alicheka mpaka akashika ubavu. Alimwambia, "Muone neno hii. Haijui kwabo ni wapi, na hakuna mutu anaisimamisha barabarani. Inapita tu, inafanya kazi." Ameshawasimulia watu hadithi hiyo mara nyingi kuliko ile ya Mzambia, na kila mara anaishia kwenye sentensi hiyo, na kila mara anaacha kucheka kabla yetu.

Mbao nzuri ya danaji haionekani. Mzigo ukifika salama watu husifu mzigo, husifu meli, hata kreni husifiwa. Mbao hutolewa na kurudishwa kwenye rundo. Mzee Taju amekaa katikati yetu hivyo, na wengi mlioajiriwa juzi mnamjua tu kama mzee wa chai ya sukari. Nimeandika yote haya ili msije mkasema hamkuambiwa. Sisi wa ekipe ya tatu tunampenda, na tunaogopa kidogo kesho.

Kuanzia Aprili mosi kapita mpya ni Télesphore, na msaidizi wake ni Sylvère. Kwenye vilima bado tunasikia milio ya risasi siku nyingine, hatusemi kwamba kila kitu kimekwisha. Lakini sinia ni moja.

Karatasi hii mtagawiwa baada ya zawadi kutolewa, kwa hiyo naweza kuisema. Ni benchi la watu watatu, kwa ajili ya baraza la nyumba yake. Télesphore na Sylvère wamelitengeneza wenyewe kwa mbao za danaji, zile zilizotangulia kwenda Mpulungu wakati wa vita na kurudi. Wamechoma majina kwa msumari wa moto, kila mtu mahali pake. Télesphore na Sylvère wamejiandika bega kwa bega, bila mtu kati yao. Jina la Mzee wameliweka mwisho kabisa wa benchi, upande unaopata upepo wa ziwa.

Mzigo umefika, Mzee Taju. Asante kwa kukaa kati yetu. Sasa kaa pembeni, unywe sukari yako kwa maji ya moto, na wewe na Mama Zubeda muishi vizuri na kwa muda mrefu. Jumapili wale wawili watakuja, na chumvi watapeana wenyewe.